Jeni na Kilichomo Ndani ya Maziwa: Maswali ya Wafugaji wa Ng'ombe

Mfugaji anaweza kukutajia lita za kila ng'ombe wake bila kufungua daftari. Muulize mafuta ni asilimia ngapi, na mara nyingi kimya hutanda. Majibu haya ni kwa anayetaka kupandisha ng'ombe wake akijua anatafuta nini ndani ya ndoo, si tu ndoo imejaa hadi wapi.

Ndani ya maziwa kuna nini, na kipi kinarithiwa?

Sehemu kubwa ni maji, takriban asilimia 87. Yanayobaki ndiyo yabisi: mafuta, protini, laktosi (sukari ya maziwa) na madini yasiyofika asilimia 1. Mafuta ndiyo yanayotofautiana zaidi kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ng'ombe wa aina ya Holstein kwa kawaida yuko karibu na asilimia 3.7 hadi 4, Jersey hukaribia 5. Protini hufuata mkondo huohuo kwa hatua fupi zaidi: karibu 3.2 kwa Holstein na 3.7 kwa Jersey. Laktosi haina vituko, iko kati ya 4.5 na 5 karibu kwa wote, na sababu yake tutaiona punde.

Vyote vinarithiwa. Linalowashangaza wengi ni kwamba asilimia ya mafuta na ya protini hurithiwa kwa nguvu kuliko wingi wa maziwa wenyewe. Kiwango cha kurithika cha wingi wa maziwa ni takriban 0.3. Cha asilimia za mafuta na protini ni karibu 0.5. Ng'ombe akikosa chakula, maji na yabisi hupungua pamoja, hivyo uwiano wake hautikisiki sana kama lita zinavyotikisika. Kwa kulinganisha, uwezo wa kushika mimba mara nyingi hauvuki 0.05. Kwa maneno mengine, kilichomo ndani ya maziwa ni miongoni mwa mambo mepesi zaidi kubadilisha kwa kuchagua wazazi, lakini ndicho wafugaji wengi wanachokichagua mwisho.

Hiyo 0.5 maana yake nusu ya mafuta yametoka kwenye jeni na nusu kwenye majani?

Hapana. Namba hiyo haimhusu ng'ombe mmoja, inahusu tofauti kati ya ng'ombe wengi. Katika kundi lililotunzwa kwa namna moja, nusu ya tofauti zao za asilimia ya mafuta inatokana na jeni.

Tuseme wastani wa kundi ni asilimia 4.0, na una ng'ombe jike mwenye 4.4. Amezidi kwa 0.4. Makadirio mazuri ni kwamba 0.2 kati ya hiyo ni ya jeni zake, nyingine ni bahati ya mazingira na haipiti kwenye damu. Tena mama hutoa nusu tu ya jeni zake. Kwa hiyo binti yake, kama baba ni wa kawaida, anatarajiwa kuzidi wastani kwa 0.1. Wanaotarajia ndama wa ng'ombe bora awe kama mamaye wangepiga hesabu hii kabla ya kulipa.

Kwa nini ng'ombe wa lita nyingi huwa na maziwa mepesi?

Lawama ni ya laktosi. Seli za kiwele hutengeneza laktosi, nayo huvuta maji mpaka maziwa yalingane na damu kwa nguvu ya kuvuta maji. Laktosi ikiongezeka, maji huongezeka nayo papo hapo, na ndiyo sababu asilimia yake haipandi wala haishuki sana. Laktosi ndiyo bomba la maji ya kiwele.

Jeni zinazoongeza laktosi basi huongeza ujazo. Mafuta na protini hutengenezwa kwa njia nyingine, na zisipoongezeka kwa kasi ileile, hujikuta zimeogelea katika maji mengi. Hivyo fahali anayeongeza lita kwa mabinti zake huelekea kushusha asilimia. Huo ni mwelekeo tu, hakuna amri: wapo madume wanaoongeza vyote viwili, na kazi ya kuchagua ni kuwatafuta hao. Habari njema ni kwamba asilimia ya mafuta na ya protini huenda pamoja. Ukivuta moja, nyingine hufuata.

Basi nitafute asilimia au kilo?

Angalia ng'ombe wawili. Wa kwanza hutoa kilo 30 kwa siku zenye mafuta asilimia 3.2. Wa pili hutoa kilo 20 zenye asilimia 4.8. Piga hesabu: kila mmoja ametoa gramu 960 za mafuta. Tofauti yao ni kilo 10, karibu zote maji, pamoja na laktosi iliyoyavuta na sehemu ya protini.

Jibu linategemea maziwa yanakwenda wapi. Anayelipwa kwa lita, bila kupimwa, hana sababu ya kifedha ya kumpenda ng'ombe wa pili. Anayelipwa kwa yabisi, au anayetengeneza siagi, jibini au samli mwenyewe, anamlisha ng'ombe wa kwanza ili abebe maji. Hata hivyo, ningependa kila mmoja aangalie kilo za mafuta na protini kwanza, kisha asilimia. Asilimia peke yake inadanganya: ng'ombe anayekaribia kukauka huwa na asilimia nzuri sana kwa sababu tu maziwa yamepungua. Ukichagua kwa asilimia bila kuangalia kilo unaweza kujikuta unachagua ng'ombe wasio na maziwa.

Je, kuna jeni moja ya mafuta?

Iko moja inayokaribia kustahili jina hilo, na hadithi yake inafaa kusimuliwa.

Katika miaka ya 1990 watafiti walishajua kwamba ncha moja ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 14 ya ng'ombe ina kitu kinachotenganisha maziwa mazito na mepesi. Hawakujua ni jeni ipi. Kidokezo kilitoka kwa panya: mwaka 2000 ilichapishwa kwamba panya jike waliokosa jeni iitwayo DGAT1 hawatoi maziwa kabisa. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kuunda mafuta. Ilipotafutwa kwa ng'ombe, ilikutwa palepale kwenye ncha ya kromosomu ya 14. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji na New Zealand walionyesha kwamba tofauti iko kwenye kiungo kimoja tu (asidi amino) cha kimeng'enya hicho, cha 232: kuna ng'ombe wenye lisini na wengine wenye alanini. Matoleo hayo huandikwa kwa herufi K na A.

Toleo K huongeza mafuta, kwa asilimia na kwa kilo. Hupandisha pia asilimia ya protini, lakini hupunguza wingi wa maziwa na kilo za protini kidogo. Toleo A hufanya kinyume chake. K ndilo la kale. Zebu (ng'ombe wenye nundu) wengi wanalo, Jersey wanalo kwa wingi, na Holstein wana yote mawili. Ona basi kwamba hakuna toleo "bora". Aliyechagua lita kwa vizazi vingi alikuwa akichagua A bila kujua, na anayechagua siagi alikuwa akichagua K.

Je, upime jeni hii peke yake? Mimi singefanya hivyo. DGAT1 ina mchango mkubwa usio wa kawaida, lakini nyuma yake kuna jeni nyingine nyingi sana zenye mchango mdogo mdogo, na vipimo vya kisasa vya jenomu nzima (yaani DNA yote ya mnyama) tayari vimeihesabu pamoja na hizo nyingine. Kununua kipimo cha jeni moja ni kulipia ukurasa mmoja wa kitabu unachoweza kukipata chote.

Mama alikuwa na maziwa mazito. Mbona ya binti yake ni mepesi, na fahali alikuwa mzuri?

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu. Kila mzazi hutoa kromosomu moja kutoka kila jozi, tena baada ya kuchanganywa kama karata. Mama mwenye matoleo mazuri na mabaya anaweza kumpa binti mmoja mengi mazuri na mwingine mengi mabaya. Bahati hii si ndogo: kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hubaki karibu nusu ya tofauti yote ya kijenetiki iliyomo katika kundi zima. Kwa hiyo cheti cha ukoo kinakueleza wastani wa ndugu, hakikuelezi ndama aliye mbele yako.

Kabla ya kumhukumu, lakini, hakikisha umepima zaidi ya mara moja.

Fahali hatoi maziwa. Wanajuaje atarithisha nini?

Zamani ilikuwa ni kusubiri. Mbegu yake inasambazwa, mabinti wanazaliwa, wanakua, wanazaa, wanapimwa maziwa, na fahali anapopata jina ana miaka mitano au zaidi. Wengi hawakufaulu, na gharama yao ililipwa na wachache waliofaulu.

Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walichapisha wazo kwamba ukisoma alama nyingi za DNA zilizotapakaa kwenye jenomu yote, unaweza kukadiria thamani ya mnyama bila kujua ni jeni zipi hasa zinazofanya kazi. Vipimo vya alama karibu 50,000 vilipopatikana miaka michache baadaye, Marekani ilianza kutoa tathmini rasmi za namna hiyo mwaka 2009. Sasa ndama dume hupimwa kwa unywele au tone la damu akiwa bado ananyonya. Uhakika wake kwa sifa za maziwa mara nyingi hukaribia asilimia 70, ilhali ukoo peke yake hufika kama nusu ya hapo. Mabinti wakishakamuliwa, uhakika hupanda zaidi.

Tahadhari moja: makadirio hayo hujengwa juu ya wanyama waliopimwa maziwa na DNA kwa pamoja. Kama kundi la rejea lilikuwa la Holstein, usitegemee litakuambia mengi kuhusu zebu au machotara wako.

Nisomeje namba za fahali kwenye orodha ya mbegu?

Anza kwa kujua namba ni nusu au nzima. Marekani huchapisha kile binti anachotarajiwa kurithi, ambacho tayari ni nusu. New Zealand huchapisha thamani nzima ya fahali, na binti hupata nusu yake. Ukilinganisha orodha mbili bila kujua hili, fahali wa kawaida atakuonekania shujaa. Pia sifuri ya kila nchi ni wastani wa kundi lake, kwa hiyo +20 ya huku si +20 ya kule.

Halafu usitishwe na asilimia hasi. Fahali mwenye kilo +30 za mafuta na asilimia −0.05 anaongeza mafuta, ila anaongeza maji kwa kasi zaidi. Mwenye asilimia +0.20 na kilo za mafuta +2 hajaongeza karibu chochote: amepunguza maji. Huyu wa pili si mbaya kama unalipia usafiri wa maziwa au unawakamua mabinti zake kwa mkono, kwa sababu kiwele chao kinabeba mzigo mdogo.

Nikimchanganya Holstein na Jersey nitapata nini?

Kwa asilimia za mafuta na protini, tarajia katikati ya wazazi. Nguvu ya uchotara, ile hali ya mtoto kuwapita wazazi wake, karibu haionekani kwenye asilimia. Inaonekana zaidi kwenye uzazi, uhai wa ndama na, kwa kiasi, wingi wa maziwa. Kizazi cha kwanza hufanana vizuri. Ukiwazalisha machotara hao wao kwa wao, kizazi cha pili hutapakaa: mmoja kama bibi, mwingine kama babu, na mfugaji anabaki akijiuliza alikosea wapi. Hakukosea, ni karata zimechanganywa upya.

Lishe si ndiyo kila kitu?

Kwa mafuta, lishe ina mkono mrefu. Nyuzinyuzi za majani zikichachuka tumboni hutoa asidi ya asetiki, malighafi ya mafuta ya kiwele. Ukimjaza ng'ombe nafaka nyingi na majani machache, vijidudu vya tumbo la kwanza hubadili kazi yao na kuzalisha aina za mafuta zinazozuia kiwele kutengeneza mafuta. Asilimia inaweza kuporomoka kwa pointi nzima ndani ya siku chache. Protini husogea kidogo sana, na laktosi karibu haisogei.

Kwa hiyo mafuta yakishuka ghafla wiki hii, angalia hori, usimlaumu fahali. Mafuta yakiwa chini mwaka baada ya mwaka kwa ng'ombe walewale wanaokula sawa na wenzao, hapo ndipo pa kufikiria mbegu. Tofauti nyingine: mabadiliko ya lishe huisha siku unapoacha, ya jeni hubaki kwa mjukuu.

Nipime vipi ili namba ziwe na maana?

Maziwa ya mwanzo wa mkamuo yanaweza kuwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu, na ya mwisho kabisa yakazidi 5. Ukichota juu ya ndoo bila kukoroga, au ukiacha ndama anyonye ya mwisho, umepima kitu kingine. Koroga, chukua sampuli ya asubuhi na ya jioni, rudia kila mwezi. Mafuta hushuka ng'ombe anapofikia kilele cha maziwa katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa na hupanda tena kadiri lita zinavyopungua, kwa hiyo linganisha ng'ombe walio katika hatua moja. Na ugonjwa wa kiwele huharibu hesabu yote: laktosi hushuka, chumvi hupanda, kesini (protini inayoganda) hupungua.

Natengeneza jibini. Asilimia ya protini inanitosha kuamua?

Haitoshi. Kama asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kesini, na hiyo ndiyo inayoganda. Ziko kesini nne, na jeni zake nne zimepangana kwenye kromosomu ya 6 katika kipande kifupi sana. Kapa-kesini hukaa juu ya chembe za kesini kama manyoya na kuzizuia kushikamana. Kimeng'enya cha kugandishia huyanyoa manyoya hayo, na chembe zikagandana. Ng'ombe wenye toleo B la kapa-kesini kwa kawaida huwa na kapa nyingi zaidi na chembe ndogo, na maziwa yao huganda upesi na kuwa imara zaidi kuliko ya wenye toleo A. Toleo E ndilo la kukwepa.

Kuna pia beta-laktoglobulini, protini ya kimiminika kinachobaki baada ya maziwa kuganda. Matoleo yake yaligunduliwa mwaka 1955, na yalifungua mlango wa utafiti huu wote. Toleo B huendana na sehemu kubwa zaidi ya protini kuwa kesini, yaani jibini zaidi kutoka protini ileile.

Wapo ng'ombe ambao maziwa yao hayagandi kabisa katika muda wa kawaida wa kipimo. Kati ya Ayrshire wa Ufini ilionekana kwa karibu mmoja kati ya kumi. Katika tangi la pamoja hufichwa na wenzao, lakini mwenye ng'ombe watatu atayaona.

Na A2? Kila mtu anaizungumzia.

A1 na A2 ni matoleo ya beta-kesini, moja ya zile kesini nne. Yanatofautiana kwenye kiungo cha 67: A2 ina prolini, A1 ina histidini. A2 ndilo la kale, na zebu wengi na Guernsey wengi wanalo. A1 inapomeng'enywa huachia kwa urahisi zaidi kipande kidogo kiitwacho BCM-7, na hapo ndipo madai ya kiafya yalipoanzia. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi na haikuona kwamba kipande hicho kimethibitika kusababisha magonjwa sugu yaliyokuwa yakitajwa. Tena A2 ina laktosi ileile, kwa hiyo asiyevumilia laktosi hajapona, na mwenye mzio wa protini za maziwa asiyajaribu.

Kijenetiki ni rahisi. Ng'ombe A1A2 hutoa zote mbili. Fahali A2A2 kwa mama A1A2: nusu ya mabinti ni A2A2. Kwa mama A1A1: hakuna hata mmoja, wote ni A1A2, na inabidi usubiri kizazi kingine. Kama mnunuzi anakulipa zaidi, endelea. Kumbuka tu kwamba jeni za kesini ziko karibu karibu na husafiri kama mzigo mmoja uliofungwa kamba. Ukimchagua fahali kwa A2 pekee unaweza kubeba na kapa-kesini usiyoitaka. Soma zote mbili.

Ubora wa mafuta yenyewe unarithiwa?

Kiasi. Mafuta mafupi (ya mnyororo mfupi) hutengenezwa ndani ya kiwele na hufuata jeni kwa karibu zaidi. Marefu hutoka kwenye damu, hivyo hufuata zaidi chakula. Rangi ya njano ni karotini ya majani mabichi, ila aina kama Guernsey na Jersey huipitisha kwenye maziwa kwa wingi zaidi.

Nimepata fahali mzuri sana. Nimtumie kwa ng'ombe wote?

Pawnee Farm Arlinda Chief alizaliwa Marekani mwaka 1962. Alirithisha maziwa mengi kiasi kwamba jeni zake zimekadiriwa kuwa takriban asilimia 14 ya jenomu ya Holstein wa Marekani. Alikuwa pia na kasoro moja kwenye jeni iitwayo APAF1. Ndama anayeipata kutoka pande zote mbili hufa tumboni. Ilijulikana miongo kadhaa baadaye, na mimba zilizopotea duniani kote zimekadiriwa kuzidi 500,000. Chief hakuwa fahali mbaya: alikuwa mzuri mno, akatumiwa mno. Gawa mbegu kwa madume kadhaa, na usimpandishe binti kwa baba yake wala kwa ndugu wa karibu.

Maziwa ya ng'ombe wangu mmoja yananuka samaki. Ni jeni au ni chakula?

Yaweza kuwa jeni kweli. Kwa ng'ombe wekundu wa Uswidi ilipatikana mwaka 2002 kwamba wenye nakala mbili za toleo bovu la jeni FMO3 hushindwa kuondoa trimethilamini, ileile inayonukisha samaki, nayo huingia kwenye maziwa. Mwenye nakala moja hana dalili yoyote, ila hurithisha. Njia ya kuanza ni kunusa maziwa ya kila ng'ombe peke yake: kama wote wananuka, kagua chakula na vyombo. Kama ni mmoja tu, na wenzake wanakula hori moja naye, muulize mhimilishaji wako baba yake alikuwa nani.